Ukubwa wa Nchi na Tabia Yake katika Michezo ya Kompyuta



Likizo iliyopita mimi na mwenzangu tulianza kuunda mchezo wa kompyuta, na siku ya kwanza tu tukagombana. Yeye alitaka nchi pana yenye vijiji elfu. Mimi nilitaka kisiwa kimoja, yaani Nkombo yetu hapa Rusizi. Urafiki ulikuwa karibu kuvunjika. Basi tukakubaliana kwanza tujifunze mabingwa walifanyaje.

Mwaka 1996 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Daggerfall. Waundaji wake walisema nchi yake ni kubwa kama kisiwa kizima cha Uingereza, tena ina miji, vijiji na mapango zaidi ya 15,000. Sehemu kubwa ilipangwa na kompyuta kwa kufuata kanuni. Kwa hiyo mchezaji akisha kuviona vijiji kadhaa, vingine humwia kama vile vile: nyumba zile zile, maneno yale yale.

Mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ilitoa Morrowind. Safari hii nchi ni kisiwa kimoja, kidogo sana kuliko ile ya kwanza, lakini watu walikipanga kwa mikono yao. Katika mji mmoja wakubwa hukaa ndani ya gamba la kaa wa ajabu aliyekufa zamani. Na wasafiri hupanda mdudu mwenye miguu mirefu kama minara. Aliyefika huko mara moja hapasahau.

Hapo nikadhani nimeshinda. Lakini mwenzangu akaniuliza, "Je, ziwa nalo utalifanya dogo?" Nikanyamaza. Maana usiku wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba huku wakipiga makasia, na taa zao huonekana mbali gizani. Kivu ingekuwa kidimbwi, taa zile zisingemgusa mtu moyo.

Basi tulijifunza mambo mawili. Kwanza, tabia ya mahali hutoka kwa mtu aliyepafikiria, wala haiongezeki kwa kuongeza maili. Pili, upana nao una kazi yake, ikiwa umewekwa kwa sababu.

Tukaviacha vile vijiji elfu. Tulijenga nyumba kumi na mbili tu, na ziwa kubwa lenye giza. Mdogo wangu alipojaribu mchezo, hakuuliza nchi inaishia wapi. Aliuliza, "Yule mzee mwenye wavu uliochanika, mbona halali?"

Ndugu mwanafunzi, ukitaka kuunda dunia yako, usianze kwa kuipima. Anza na mzee mmoja, na ujue kwa nini halali.