Dondoo muhimu: Geji ya mafuta ya pikapu kuukuu

Pikapu za zamani, kama Hilux za miaka ya 1980, hupima mafuta kwa boya lililo ndani ya tangi. Likipanda au kushuka, hubadilisha umeme unaofika kwenye geji. Boya likitoboka huzama, na mshale hulala kwenye E hata tangi likiwa limejaa.

Usikimbilie kununua geji mpya! Anza na waya wa ethi wa tangi. Mara nyingi kosa ni kutu tu, na msasa hutosha. Kisha chomoa waya wa boya, fungua swichi bila kuwasha injini, uguse nao bodi kwa sekunde chache. Mshale ukikimbilia upande mmoja, geji ni nzima; ubovu uko tangini. Usipojongea, kagua fyuzi, waya na geji yenyewe.

Kushusha tangi mwachie fundi, mbali kabisa na moto: mvuke wa petroli hulipuka hata tangi likiwa tupu.

Kabla ya matengenezo, jaza tangi, andika kilomita zilizosomeka, na uongeze mafuta mapema. Usisubiri gari likohoe barabarani.