Frateri, Tunaanza Lini?



Somo la leo limeanzia kwenye simu yangu. Jumapili iliyopita, baada ya Misa, kijana mmoja wa hapa Ijuganyondo aliniandikia: "Frateri waitu, ule mchezo mpya tunaanza lini? Mimi nimeshampata mhusika wangu." Sikumjibu siku ile. Nimekaa na swali lake siku tatu, na hili ndilo jibu, refu kidogo kuliko alivyotarajia.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: watu sita au saba mnafungua kundi la WhatsApp. Kila mmoja anabuni mhusika wake na kuandika anachosema na kutenda. Mmoja wenu ni msimulizi, ndiye anayeeleza yanayotokea: mvua imenyesha, mlango umefungwa, wageni wamefika. Hakuna anayejua hadithi itaishia wapi, maana kila anayeandika anaisukuma. Babu wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, ikachezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Wa kwetu tuliuweka Buhaya ya kale, kijiji cha wafua chuma, kama wale ambao mabaki ya tanuri zao yalichimbuliwa pale Katuruka, kazi ya zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Msimulizi nilikuwa mimi.

Kuna watakaouliza kama frateri anapaswa kucheza. Mtakatifu Thoma wa Akwino ameligusa hilo katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168. Anasimulia habari ya Mtume Yohane, aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, halafu mwingine, na mwingine, kisha akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Akajibu kwamba upinde ungevunjika. Akili nayo iko hivyo hivyo. Kwa hiyo kama mchezo ni halali, tumemaliza. Swali gumu ni la yule kijana: lini?

Sasa niwaambie kosa langu. Mchezo wetu ulianza baada ya Pasaka, na ulikuwa mtamu kwelikweli. Kufikia mwezi wa nane ulipoa. Nilikuwa nimewaingiza wafua chuma kwenye ugomvi ambao hata mimi sikujua watatokaje. Usiku mmoja, umeme umekatika, nikapata wazo jipya: hadithi ya meli ziwani. Wazo lilinipanda kichwani! Kabla ya saa sita nilikuwa nimefungua kundi jipya na kuwavuta watu. Asubuhi wote walikuwa huko, kila mtu na mhusika mpya.

Wote isipokuwa dada mmoja. Yeye sikumwingiza, kwa kusahau tu. Mhusika wake nilikuwa nimemtuma ufukweni kusubiri mtumbwi wa mkaa, na katika mchezo huu msimulizi peke yake ndiye anayeweza kuufikisha mtumbwi. Akasubiri. Kila usiku aliandika mistari miwili mitatu: amewasha moto, amesikia sauti majini, mtumbwi bado. Aliandika hivyo usiku kumi na moja.

Nilikuja kuona mwezi wa tisa, nikifuta makundi ili kupata nafasi kwenye simu. Nikampigia. Hakugomba. Alisema, "Nilidhani nimeandika kitu kibaya." Wakati ule alikuwa nyumbani, matokeo yake ya kidato cha sita hayakuwa mazuri, na siku nzima hakuna aliyekuwa akisubiri neno kutoka kwake isipokuwa sisi kwenye ule mchezo. Basi nasi tukaacha kusubiri.

Na ile meli yetu mpya? Ilizama ndani ya wiki tatu. Wawili walirudi shule, mmoja aliishiwa bando, mimi nikarudi seminari, ambako simu tunazikabidhi mlangoni.

Luka sura ya 14, kuanzia aya ya 28, Bwana anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Someni wenyewe, taratibu. Mimi nilizoea kutazama gharama, lakini safari hii nimeona kwamba mtu yule kwanza anaketi. Mimi sikuketi. Na gharama ya mchezo kama huu, jamani, bando ni sehemu ndogo yake. Gharama kubwa ni jioni za watu. Ukimpa mtu mhusika umemwahidi kwamba akiandika, atajibiwa.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola katika Mazoezi ya Kiroho anatoa kanuni ambayo ingeniokoa: roho ikiwa katika ukavu, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani. Mimi nilikuwa nimechoshwa na hadithi niliyoiharibu mwenyewe, nikauchukulia uchovu ule kuwa ishara ya kuanza jambo jipya. Na wazo jipya linafurahisha siku zote, kwa kuwa bado halijakudai chochote. Inyasi anashauri pia umfikirie mtu usiyemjua, unayemtakia mema kabisa, mwenye swali kama lako, kisha usikilize ungemwambia nini. Mimi ningemwambia: "Wewe, wale wa zamani umewaaga?" Swali dogo hivyo tu.

Lakini msije mkatumia haya kuahirisha milele. Nawajua, nami ni mmoja wenu. Aristotle anasema shauri lichukue muda wake, ila ukishaamua, tenda upesi. Thoma naye anaorodhesha kasoro za pande zote: kukurupuka, uzembe, na ile yangu, ukigeugeu wa kuacha njiani ulichokiamua vizuri. Anayengoja siku ambayo wote saba hawana mtihani, wana bando na hawana msiba nyumbani, hatacheza.

Tazameni basi kalenda kama ilivyo. Novemba hapana: kuna mtihani wa kidato cha nne, na Bukoba hakuna mwenye akili timamu atakayeshika simu usiku senene wakianguka. Mei kuna kidato cha sita. Juma Kuu sihitaji kulieleza. Mnamkumbuka Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa tarehe 7 Septemba 2025? Alipenda michezo ya video, akajiwekea saa moja kwa wiki. Ninachokipenda mimi ni kwamba alikuwa ameshajua saa yake itaisha lini kabla hajaanza kucheza.

Nirudi kwa yule dada. Mwezi wa tisa nilimwomba radhi, kisha nikaondoka bila kuufunga mchezo, kosa juu ya kosa. Nilipofika likizo mwezi huu niliandika kwenye kundi la zamani, mbele ya wote, nikasema nilichofanya. Halafu nikaufikisha mtumbwi. Alikaa siku nne kimya. Siku ya tano mhusika wake alimuuliza mpiga makasia alikuwa wapi muda wote ule, na nawaambia kweli, sikuwa na jibu la kumwandikia yule mpiga makasia. Nikaandika kwamba aliinamisha kichwa. Wengine wakaanza kurudi, na sasa tunaandika mwisho wa wafua chuma. Ugomvi wao umesuluhishwa na yeye, si mimi.

Mchezo mpya utaanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Kipindi cha Kawaida kinapoanza, na utafungwa kabla ya Jumatano ya Majivu, hadithi ikiwa imefika popote itakapokuwa imefika. Mimi nitakuwa nimerudi seminari. Wasimulizi watakuwa wawili, yule dada na mwenzake, ili mmoja akikwama mtu asibaki ufukweni.

Na wewe uliyeniuliza: ni jioni zipi mbili kwa wiki unazoweza kuandika, bila kujidanganya? Nitumie hizo kwanza. Habari za mhusika wako utaniambia baadaye.