KUSUSIA BIASHARA: FIMBO HIYO INAMPIGA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.



Vijana wametuletea swali baada ya sala. Katika simu zao inapita orodha ya kampuni, na wanaambiwa kwamba mwenye kununua soda hii au sabuni ile anasaidia udhalimu. Wanauliza mambo mawili: je, kuvinunua vitu hivyo ni haramu? Na tukiviacha, kuna faida gani, sisi wenye mfuko mwepesi?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Kuhalalisha na kuharamisha si kazi ya orodha ya simu. Katika Sura An-Nahl, aya ya 116, Mwenyezi Mungu anatukataza kusema kwa ndimi zetu kwamba hiki ni halali na hiki ni haramu kwa kumzulia uongo. Kinywaji chenye viungo halali kinabaki halali. Lakini jambo haliishii hapo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya mali yake: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini. Sisi tunapenda kuhubiri juu ya lile la kwanza. Mwizi, mla riba, mla rushwa, hao wanasikia habari zao kila Ijumaa. Lile la pili, ametumia katika nini, tunalipita haraka, na hali linamgusa kila anayekwenda sokoni na noti mkononi.

Swali la pili ndilo somo la leo.

Kususia ni silaha, na silaha hii ilimpiga Mtume wetu mwenyewe kabla ya mtu mwingine katika Uislamu. Makureshi waliandika mkataba wakautundika ndani ya Al-Kaaba: wasioane na Bani Hashim na Bani Muttalib, wasiwauzie wala wasinunue kwao, mpaka wamtoe Muhammad (S.A.W.). Karibu miaka mitatu walikaa katika bonde la Abu Talib. Walikula majani ya miti, na kilio cha watoto wenye njaa kilisikika nje ya bonde. Hakim bin Hizam alipojaribu kumpelekea shangazi yake, Bibi Khadija (R.A.), ngano kidogo, Abu Jahl alimzuia njiani. Muangalie mkataba ule ulimpiga nani. Walimtaka mtu mmoja, wakawashindisha njaa watoto wa ukoo mzima.

Miaka ikapita, na silaha ileile ikaja mikononi mwa Waislamu. Thumama bin Uthal, mkubwa wa Bani Hanifa wa Yamama, alisilimu Madina. Alipofika Makka aliwaapia Makureshi kwamba hata punje moja ya ngano haitawafikia kutoka Yamama mpaka Mtume (S.A.W.) atoe idhini. Makka haina mashamba, kwa hiyo njaa iliingia. Makureshi, ambao wakati ule bado walikuwa maadui, walimwandikia Mtume (S.A.W.) wakimkumbusha undugu wa damu. Naye akamwagiza Thumama awaachie chakula kipite. Alikuwa na haki ya kulipa miaka mitatu ya bonde lile, na hakuilipa kwa tumbo la mtoto.

Sasa tuje kwetu, maana sisi watu wa Maniema na Kivu tuna elimu ya jambo hili ambayo wengi hawana. Sisi tumewahi kususiwa.

Wanafunzi na watu wa makanisa huko Marekani na Ulaya walisikia kwamba madini yaliyomo ndani ya simu zao yanawalipa wenye silaha wanaoua na kunajisi wanawake katika mashariki ya nchi yetu. Habari hiyo haikuwa uongo. Waliona aibu, wakadai kampuni ziache. Tarehe 21 Julai 2010 Rais Obama alitia sahihi sheria inayoitwa Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kiliamuru kampuni zilizoandikishwa kwenye soko la hisa la Marekani zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanayotumia vimetoka Kongo au nchi jirani, na kama vimewanufaisha wenye silaha. Sheria haikukataza kununua kwetu. Lakini mfanyabiashara aliye mbali anapenda njia rahisi. Kuliko kutuma mtu achunguze shimo moja moja kutoka Punia mpaka Walikale, wengi waliona ni heri kununua pengine.

Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila naye alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katazo liliondolewa tarehe 10 Machi 2011. Wachimbaji walichukua tena nyundo na beleshi, lakini mwezi wa Aprili wanunuzi wakubwa wa ng'ambo walikataa kila mfuko usio na kibandiko cha kuonyesha ulikotoka. Na vibandiko katika sehemu nyingi vilikuwa bado havijafika.

Wenye umri wanakumbuka. Bei ya kasiteriti ilianguka, na mwenye mzigo alikosa pa kuupeleka. Watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Katika sehemu zisizo na barabara, kama Shabunda, ndege ndogo zilizokuja kuchukua madini ndizo zilizokuwa zinaleta chumvi, sabuni na dawa. Madini yaliposimama, ndege nazo zilipungua. Utafiti wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyoguswa na sheria ile. Mama asiye na pesa hafiki kituo cha afya, hata kama kituo kipo.

Na wenye silaha? Haki isemwe: katika machimbo mengi ya bati na koltani walipungua. Lakini wengi walihamia kwenye dhahabu. Dhahabu ya dola elfu inaingia katika mfuko wa suruali na kuvuka mpaka bila kibandiko wala ushuru. Mwezi wa Septemba 2014 watu 70, Wakongomani na wageni wanaoijua nchi hii, walitoa barua ya wazi wakisema kwamba mpango ule uliwatumbukiza wachimbaji katika umaskini bila kumaliza vita.

Hatusemi kwamba wale wanafunzi walikuwa watu wabaya. Nia yao ilikuwa njema, na heri mtu anayeuliza simu yake imetoka wapi kuliko asiyeuliza. Kosa ni kwamba fimbo ilikuwa ndefu sana. Ilirushwa kutoka ng'ambo ya bahari kumlenga kamanda, ikampata mchimbaji na mtoto wake mgongoni mwa mama.

Basi kuna kususia kunakofaa? Kuko. Tuchukue habari ya maziwa ya kopo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Nestlé ya Uswisi, pamoja na nyingine, ilieneza maziwa ya unga kwa watoto wachanga katika nchi maskini. Waliajiri wanawake waliovaa nguo kama za wauguzi, wakagawa makopo ya bure katika nyumba za uzazi. Ziwa la mama lisiponyonywa linakauka. Kopo la bure likiisha inabidi kununua. Pesa zikikosekana, unga unatiwa maji mengi, na mara nyingi maji yenyewe ni machafu. Watoto walikonda na kufa kwa kuhara. Nasi tunajua kwamba Qur'ani, katika Sura Al-Baqara aya ya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza.

Mwezi wa Julai 1977 watu wa Marekani walianza kususia bidhaa za Nestlé, na nchi nyingine zikafuata. Mwaka 1981 Mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118. Kura moja tu ilipinga, nayo ni ya Marekani. Mwaka 1984 kampuni ilikubali kufuata kanuni, na watu wakafungua mkono. Mwaka 1988 wakaufunga tena, waliposema kwamba makopo ya bure yanaendelea kuingia hospitalini.

Muone tofauti. Mtu aliyeacha kahawa ya kampuni ile alikuwa na kahawa nyingine ya kunywa, na mama aliyetetewa alikuwa na ziwa lake. Aliyekosa faida ni yule aliyetenda kosa. Dai lilikuwa moja, linalosemeka kwa maneno machache: acheni kugawa makopo na kuvalisha wauzaji nguo za wauguzi. Kampuni ilijua inaombwa nini, na ilijua mlango wa kutokea uko wapi. Hata mkataba wa Makureshi ulikuwa na dai, mtasema. Ndiyo, lakini dai la kumtoa mtu auawe.

Kwa hiyo, vijana, hatuwakatazi. Mwenye kuacha kinywaji kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kwa kumhurumia aliyedhulumiwa, tunataraji atapata ujira wake. Ila orodha hiyo ameiandika nani? Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Kampuni imefanya nini hasa, na inaombwa iache nini? Na yule mama anayeuza chupa 12 kwa siku kando ya barabara, amezinunua kwa mkopo: mkimsusia yeye, kampuni itajua? Mwambieni mapema asilete nyingine, kisha mnunue kwake maji au karanga.

Tena kuna kususia ambako hakuhitaji simu. Katika soko letu wako wanaouza mchele kwa kopo lililobonyezwa kitako, na wako wanaoficha chumvi na mafuta mpaka bei ipande. Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi ya Muslim, kwamba hafichi chakula ila mkosefu. Hapo sisi si watu wa mbali. Wanunuzi ni sisi, tunamjua muuzaji kwa uso, na kopo zima liko meza ya pili. Pengine anasali nasi safu moja. Aendewe kwanza kwa siri na watu wawili wenye busara, aambiwe kopo lako si zima. Akikataa, mama zetu wahamie meza nyingine wote kwa siku moja, wala si mmoja mmoja. Na siku atakapoleta kopo zima, warudi kununua kwake bila kumsimanga.

Ijumaa ijayo, inshallah, tutasoma Sura Al-Mutaffifin. Mwenye kopo la kupimia nyumbani aje nalo, tuyalinganishe baada ya sala.

Wabillahi tawfiq.