Bundi kwenye kipindi cha saa moja

SWALI: Daktari, niko mwaka wa pili chuoni, hapa Dar es Salaam. Akili yangu hufunguka usiku. Kuanzia saa nne ndipo naelewa ninachosoma, na silali kabla ya saa nane. Kipindi cha saa moja asubuhi naishia kusinzia. Jumamosi nakesha hadi saa tisa, nikilala ni mpaka saa sita mchana. Mwenzangu wa chumbani hulala saa tatu, huamka na adhana, na ananiita mvivu. Siku hizi nimekuwa mnyonge, hata mpira siutaki. Nasikia watu wa usiku hupata sonona. Ni kweli? — Bundi wa Hosteli

JIBU: Nianze na huyo mwenzako: uvivu haumo. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna saa ya mwili. Kwa wengi wetu mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kila siku inabidi iwahishwe, na kinachoiwahisha hasa ni mwanga wa asubuhi. Wapo waliozaliwa na saa inayochelewa zaidi. Ongeza umri: ujana huichelewesha mpaka karibu miaka 20, kisha inaanza kurudi taratibu. Uko kileleni kabisa. Babu anayewasha redio alfajiri huenda naye alikuwa bundi.

Kuhusu sonona, ndiyo, tafiti za wanafunzi katika nchi nyingi zimeona dalili zake zaidi kwa watu wa usiku. Ila usiuchukulie ubundi kama ugonjwa. Sonona yenyewe huvuruga usingizi, hivyo si rahisi kujua kipi kilitangulia. Na sehemu kubwa ya madhara, kwa maoni yangu, inatoka kwenye ugomvi kati ya saa yako na ratiba ya chuo.

Tupige hesabu. Siku za vipindi unalala saa nane, tuseme unaamka saa kumi na mbili: saa nne tu, na katikati ya usingizi wako ni saa kumi usiku. Jumamosi katikati ni saa moja na nusu asubuhi. Tofauti ni saa tatu na nusu, kubwa kuliko ya Dar es Salaam na London. Yaani kila wikiendi mwili unasafirishwa Ulaya, Jumatatu unarudishwa, na wewe hujatoka hosteli. Mwaka 2006 mtafiti Till Roenneberg wa Munich na wenzake waliupa uchovu huu jina, wakiufananisha na ule wa abiria wa ndege.

Sasa, kitanda chako. Nadhani ni cha chini, kimezungushiwa khanga pande zote. Faragha nzuri, lakini asubuhi inakupita nje ya pazia. Chagua muda mmoja wa kuamka, Jumamosi usiuzidishe kwa zaidi ya saa moja, kisha toka ukakae kwenye kimbweta nusu saa na chai yako. Huku kwetu karibu na ikweta jua halituchelewi msimu wowote. Mwanafunzi wa Ulaya wakati wa baridi anaingia darasani gizani. Muda wa kulala uvute kwa robo saa kila baada ya siku chache. Ukijilazimisha leo kulala saa nne utaishia kuhesabu chaga za kitanda cha juu. Kahawa iishe alasiri: ya saa nne usiku, nusu yake huenda bado iko mwilini saa tisa. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia duka la dawa, achana navyo.

Kinachonisumbua zaidi ni ule mpira. Unyonge na kukosa hamu vikifika wiki mbili, usisubiri usingizi utengemae. Nenda zahanati ya chuo, wakupime na wingi wa damu, na umwone mshauri wa wanafunzi. Ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii, na mtu huyo akupeleke hospitali.

Na mwenzako anaweza kufaa. Mwombe kila akirudi kuswali aifunue hiyo khanga, hata ukimtukana.