Ardhi Baada ya Mgodi: Somo la Mipango kwa Wananchi wa Kata ya Karema

Mgodi una siku yake ya kufunguliwa na siku yake ya kufungwa. Ardhi hubaki, na watu wake hubaki. Somo hili linaeleza namna eneo lililochimbwa linavyoweza kupangwa upya likawa makazi, shamba, msitu au mahali pa kazi, na nafasi ya mwananchi katika kuliamua jambo hilo.

Mfano wa kwanza upo mkoani kwetu. Mji wa Mpanda ulikuzwa na madini ya risasi, yaliyogunduliwa katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Uruwira Minerals iliyachimba huko Mukwamba. Ili mali hiyo ifike pwani, tawi la reli lenye urefu wa takriban kilomita 210 lilijengwa kutoka Kaliua, likafika Mpanda mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ulifungwa. Reli haikufa pamoja nao, bali iliendelea kubeba abiria na mazao. Hapo tunajifunza kwamba kinachodumu ni kile kilichojengwa kwa namna ya kuwafaa watu hata madini yakiisha.

Mgodi huacha pia mizigo. Wa kwanza ni mashimo, yanayoweza kubomoka kingo, kuzamisha watoto na mifugo, au kutuamisha maji yanayozalisha mbu wa malaria. Wa pili ni mabaki ya mawe yaliyosagwa. Risasi haiozi wala haiyeyuki ikaisha. Huingia mwilini kwa vumbi, maji au chakula, na hudhuru zaidi ubongo wa watoto. Zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu nayo huweza kufika majini na kuingia katika samaki. Wa tatu ni wa kijamii: vijana wasio na kazi, na maduka yasiyo na wateja.

Kazi ya kulirejesha eneo ina mpangilio wake. Kwanza, udongo na maji hupimwa na wataalamu kabla ya matumizi yoyote kuamuliwa. Pili, kingo za mashimo hulazwa na mabaki yenye sumu hufunikwa ili upepo na mvua visiyasambaze. Tatu, udongo wa juu wenye rutuba, ambao ulipaswa kutengwa tangu siku ya kwanza ya uchimbaji, hurudishwa na kupandwa miti. Nne, kila sehemu hupewa matumizi yanayolingana na hali yake. Nyumba haifai kujengwa juu ya shimo lililofukiwa karibuni, kwa kuwa udongo huendelea kutitia na kuta hupasuka. Kisima hakichimbwi chini ya mteremko wa mabaki. Bustani ya mboga haiwekwi penye udongo wenye risasi, ingawa miti isiyoliwa matunda yake yaweza kupandwa hapo.

Kazi hiyo inawezekana. Huko Bamburi, Mombasa, machimbo ya mawe ya saruji yaliachwa yakiwa jangwa jeupe. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Majongoo waliletwa wale majani yake makavu na kuyageuza kuwa udongo. Leo pana msitu, mabwawa na wanyama. Nzega, baada ya mgodi wa Golden Pride kufungwa, majengo yake yalikabidhiwa kwa Serikali ili yatumike kufundishia masomo ya madini. Kahama, shughuli za mgodi wa Buzwagi zilipokoma mwaka 2021, eneo lilielekezwa kwenye uwekezaji wa viwanda.

Karema yenyewe inajua maana ya kubadili matumizi. Ngome iliyoanzishwa hapa na Wabelgiji mwaka 1879 ilikabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885 ikawa misheni. Ilijengwa karibu na maji, kisha ziwa likashuka na kuiacha mbali. Mpangaji mzuri hukumbuka kwamba ziwa hupanda na kushuka, ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutoa maji, Lukuga. Uchafu ukiingia humo hukawia mno kutoka. Dagaa na migebuka tunayokula na kuuza hutegemea usafi huo.

Bandari ya Karema inavuta watu na ujenzi. Ujenzi unahitaji mchanga, kokoto na matofali, na kila kimoja huacha shimo. Kwa hiyo somo hili halihusu migodi mikubwa peke yake.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kupanga, na mkutano mkuu wa kijiji huidhinisha mpango huo. Aidha, Sheria ya Madini inataka ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba ndani ya mita 200 kutoka nyumba yake.

Ndugu mwananchi, mkutano unapoitwa kujadili uchimbaji wowote, uliza haya kabla ya kunyoosha mkono:

1. Shimo litafukiwa na nani, lini, na kwa fedha ipi?
2. Udongo wa juu utahifadhiwa wapi?
3. Maji ya mvua yatateremkia wapi?
4. Barabara, kisima na majengo ya mgodi yatamfaa nani siku utakapofungwa?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala ifike kwa Mtendaji wa Kata. Ahadi iliyoandikwa kabla ya jembe la kwanza ndiyo itakayoweza kudaiwa baada ya jembe la mwisho.