Pimeni Presha Nyumba Nzima
Kijitabu cha familia za Kibabii, Mlima Elgon na Kitale

Presha ya juu hukaa mwilini miaka mingi bila kichwa kuuma wala moyo kwenda mbio. Wengi huijua siku ya kiharusi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu Mkenya 1 kati ya 4 wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Msingoje dalili. Pimweni mkiwa wazima.

Asiachwe mtu nyuma

Katika eneo letu wanaishi pia Wateso, Wasabaoti, Waogiek wa Chepkitale na Wasengwer wa upande wa Cherangany. Presha haichagui kabila, lakini njia ya kupata huduma si moja. Anayeishi juu mlimani husafiri mbali kuifikia hospitali. Bibi asiyejua Kiswahili huelezwa dawa haraka haraka, akarudi nyumbani na vidonge asivyojua kuvimeza. Mwombeni mhudumu azungumze lugha ya nyumbani, au kijana wa familia aandamane na mzee na kumfasiria.

Mpimaji yuko kijijini

Tangu Septemba 2023, serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupima presha. Akibisha hodi, mkaribisheni. Kabla ya kupima atasema: "Mama, keti kwanza upumzike." Tulia dakika 5, egemeza mgongo, kanyaga chini kwa miguu yote miwili, weka mkono mezani usawa wa moyo, wala usiongee. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla.

- Chini ya 120/80: vizuri. Pima tena kila mwaka.
- Kati ya hapo na 140/90: rekebisha chakula, ongeza mazoezi, upimwe mapema zaidi.
- 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti: nenda kliniki.

Jikoni

- Chumvi yote ya siku kwa mtu mzima isizidi kijiko 1 cha chai. Hesabu na ile iliyomo kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti.
- Ondoa kichupa cha chumvi mezani.
- Ukipika mrenda au kunde kwa magadi au musherekha (maji ya majivu), usiongeze chumvi juu yake.
- Managu, saga na matunda viwe chakula cha kila siku.
- Pima mafuta kwa kijiko, usimimine.
- Punguza busaa na ajon. Chang'aa na sigara, acha kabisa.
- Asiyelima atembee kwa kasi nusu saa, siku 5 kwa wiki.

Chama kinasaidia

Utafiti wa mpango wa afya wa AMPATH katika Busia na Trans Nzoia, uliochapishwa 2021, ulidokeza kuwa presha ya wagonjwa waliotibiwa katika vikundi vya kuweka akiba ilishuka zaidi kidogo kuliko ya waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, ingawa tofauti hiyo haikuwa ya uhakika kitakwimu. Chama chenu kinaweza kuanza hivi: siku ya mchango, kila mmoja apimwe, na mwenye presha asaidiwe nauli ya kliniki.

Dawa

Presha ikishuka, dawa ndiyo imeishusha. Ukiiacha, itapanda tena. Usimpe jirani dawa zako. Ukitumia mitishamba, mwambie daktari.

Kimbieni hospitali

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, kifua kikibana, au presha ikifika 180/120, msingoje kesho. Mama mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, uso uliovimba au macho yenye ukungu naye apelekwe mara moja.

Wiki hii, mwiteni mhamasishaji wa kijiji chenu. Aanze na babu na bibi, kisha awapime watu wazima wote wa boma.