Kumfinyanga Mcheza Ngoma: Somo la Sanaa za Mikono

Mwalimu wa ufinyanzi katika Shinyanga au Geita hana haja ya kutafuta mfano mbali. Bugobogobo, ngoma ambayo Wasukuma huicheza wakiwa na majembe mikononi, imetokana na kilimo cha pamoja, na siku hizi huchezwa jukwaani pia. Kumfinyanga mchezaji si jambo geni ulimwenguni. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, kiwanda cha Sèvres kilionyesha sanamu 15 za kauri zilizobuniwa na Agathon Léonard kutokana na uchezaji wa Loie Fuller, Mmarekani aliyesifika kwa kurusha vitambaa jukwaani.

Madhumuni. Mwanafunzi aweze kuonyesha mwendo kwa kitu kisichosogea.

Matayarisho. Wanafunzi wacheze kwanza. Mmoja asimame ghafla katikati ya hatua, na wenzake wachunguze: uzito umeelemea mguu upi? Mgongo umepinda wapi?

Udongo. Usichimbwe karibu na mahali ambapo wachimbaji wadogo huoshea dhahabu. Huko hutumika zebaki kuinasa dhahabu, na nyingine husalia katika matope. Moto huigeuza kuwa mvuke wa sumu unaodhuru ubongo na figo. Mwalimu asiyejua asili ya udongo aliopewa na auache.

Kufinyanga. Mchezaji aliyeinua mguu hushikiliwa na misuli. Udongo hauna misuli. Tulipowaachia wanafunzi wetu wamfinyange kama walivyomwona, vifundo vya miguu vilikatika kabla sanamu hazijakauka. Hatukuwapa jibu, bali tuliwataka watafute tegemeo ndani ya ngoma yenyewe. Wakaliona jembe: likigusa ardhi, huwa mguu wa tatu.

Kuchoma. Udongo uchanganywe na vigae vilivyosagwa ili usipasuke upesi. Kiwiliwili kiachwe na uwazi ndani, pamoja na tundu dogo la kutolea hewa. Sanamu ikaushwe kivulini mpaka unyevu uishe, kwani maji yaliyobaki hugeuka mvuke na kuipasua motoni.

Kupima. Tusiulize kama sanamu inapendeza. Tumwulize mtazamaji: hatua gani imetangulia, na ipi itafuata? Akiweza kujibu, mwanafunzi amefaulu, hata kama vidole vya sanamu yake havihesabiki.